Ufa wa tenki langu umejiziba wenyewe: ni bakteria au ni sementi?

#1 Mtunza Tenki

Habari za jioni wakuu.

Nina tenki la zege nyumbani, Dodoma, nusu limezama ardhini, nusu liko juu. Lilijengwa 2021. Mwaka jana mwezi wa tatu likapata ufa upande wa kaskazini, mwembamba lakini mrefu kama mkono wangu. Ukuta ukawa unatoka jasho mchana na usiku, pale chini pakawa na tope la kudumu, mke wangu akapanda mchicha. Kuliziba ilibidi nimwage maji yote, na maji yenyewe huku ni ya mgao, kwa hiyo nikawa naahirisha.

Kufika mwezi wa saba mchicha ukaanza kunyauka. Nikaenda na tochi, nikapiga magoti. Jasho limekata. Mahali pa ufa pana mstari mweupe, mgumu, umeinuka kidogo. Ukipitisha ukucha unahisi kama ganda la yai. Mpaka leo mwezi wa nane, mwaka wa pili, hakujatoka hata tone.

Kijana wangu aliye chuo anasema kuna bakteria wanaotengeneza mawe, na Uholanzi wanawachanganya kwenye zege kusudi nyufa zijizibe. Je, ndio hao waliokuja kwangu bila kualikwa? Naomba wenye ujuzi mnifafanulie.

#2 Fundi Kokoto

Mkuu, nina miaka 19 kwenye ujenzi, hiyo kitu naiona kila siku kwenye karo, matenki na madaraja. Zege limetema chokaa. Maji yakipenya kwenye ufa yanabeba chokaa iliyomo ndani ya sementi, yakitoka nje yanakutana na hewa, inaganda. Sisi tunasema zege limejifunga. Bakteria hawahusiki hapo.

#3 Mwalimu wa Kemia

Naunga mkono #2, niongeze kidogo. Sementi ikishika inabakiza kalsiamu haidroksaidi nyingi, hiyo ndiyo chokaa anayoisema fundi. Ikikutana na kaboni dayoksaidi inakuwa kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la yai, kwa hiyo ukucha wako umesema kweli.

Kuna jambo la pili. Ndani ya zege huwa kunabaki chembe za sementi ambazo hazikuwahi kupata maji. Ufa ukipasua hapo, maji yanazifikia na zinaanza kushika upya, hata baada ya miaka.

#4 Bibi Mchicha

Mimi nasikitikia mchicha tu. Familia imepoteza mboga kwa ajili ya sayansi 😄

#5 Darubini

Nafanya kazi maabara, upande wa vijidudu. Kijana wa mtoa mada hajakosea, ila kuna mambo mawili yamechanganywa.

Ya Uholanzi ni kweli. Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft alianza kazi hiyo mwaka 2006. Anatumia bakteria wa jamii ya Bacillus wanaostahimili mazingira ya alikali kali, wakiwa katika hali ya mbegu iliyolala, na anawawekea chakula chao, kalsiamu lakteti. Zege likipasuka, maji yanaingia, wanaamka, wanakula, wanatoa kaboni dayoksaidi, na chokaa ngumu inajijenga ndani ya ufa. Wanaziba nyufa za hadi milimita 0.8. Fundi wako 2021 hakuweka mbegu wala chakula, kwa hiyo hao wa Delft hawako kwako.

Lakini sikubaliani na fundi anaposema bakteria hawahusiki. Mwaka 1973 Boquet na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba bakteria wa udongoni wa aina nyingi, wakipewa mlo wenye kalsiamu, wanatengeneza fuwele za kalsaiti, yaani hiyohiyo kalsiamu kaboneti. Ni jambo la kawaida kwao. Na kwako pana maji, pana tope, pana mizizi ya mchicha.

#6 Fundi Kokoto

Dada Darubini, nakuheshimu, ila zege bichi linaunguza hata mikono yetu. Mdudu gani ataishi humo?

#7 Darubini

Kaka, ndani kabisa uko sahihi, pH (kipimo cha asidi na alikali) inapita 12, wengi wanakufa. Ila uso wa zege la miaka mitatu umeshakula hewa, umeshuka hadi karibu 9. Hapo wanaishi bila shida. Ndiyo sababu kuta za nje zinaota ukijani.

#8 Nauliza Tu

Samahani wakuu, mimi wa masomo ya biashara. Bakteria anatengenezaje jiwe? Analitapika? Anajijengea nyumba kama konokono?

#9 Darubini

Swali zuri sana hili. Konokono anajenga kwa kukusudia, mwili wake unapanga kila tabaka. Bakteria wengi hawakusudii. Anakula mlo wake, anachotoa kinabadilisha maji yaliyomzunguka, na madini yaliyokuwa yameyeyuka humo yanashindwa kuendelea kuyeyuka. Yanaganda. Uso wa bakteria una chaji hasi, kalsiamu ina chaji chanya, kwa hiyo yanagandia juu yake mwenyewe. Mara nyingi anafukiwa humohumo akafa. Ukiitazama fuwele kwenye darubini kubwa unakuta vitundu vyenye umbo la kijiti. Ni makaburi yao.

Anayetumika zaidi anaitwa Sporosarcina pasteurii. Ana kimeng'enya cha urease kinachovunja urea kuwa amonia na kaboneti. Amonia inaongeza alikali, kaboneti inakamata kalsiamu, jiwe limepatikana.

Wapo wachache wanaojijengea kwa mpango kabisa. Bakteria wa sumaku wanatengeneza ndani ya mwili wao punje za magnetaiti, wanazipanga mstari kama shanga, zinakuwa dira. Salvatore Bellini wa Italia aliwaona 1963, Richard Blakemore akawatangaza kwa dunia 1975. Mimi niliwahi kuwaona wakati wa masomo: unasogeza sumaku pembeni ya darubini, kundi zima linageuka na kuelekea upande mmoja. Nilikaa pale hadi taa za maabara zikazimwa.

#10 Sista wa Zamu

Urease! Hao tunao wodini. Proteus mirabilis akiingia kwenye njia ya mkojo anafanya hivyohivyo: anavunja urea, mkojo unakuwa alikali, magnesiamu, amonia na fosfeti vinaungana kuwa jiwe la struvaiti. Linaweza kukua likajaza mifereji yote ndani ya figo, kwenye eksirei unaliona kama pembe za swala. Nilimhudumia mama mmoja aliyekuwa anatibiwa UTI ileile kila baada ya miezi miwili, dawa anamaliza, inarudi. Kumbe bakteria wamejificha ndani ya jiwe walilolitengeneza wenyewe, dawa haiwafikii. Lilipotolewa jiwe ndipo akapona. Akina mama, UTI ikijirudia mara nyingi ombeni kupigwa picha ya figo.

#11 Meno Meupe

Na ukoga je? Ule mgumu nyuma ya meno ya chini. Kila mtu humu anatembea na kiwanda mdomoni. Unaanza kama utando laini wa bakteria, madini ya kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye mate yanaugandia, baada ya siku kadhaa mswaki hauutoi tena. Unakuwa mwingi pale kwa sababu ndipo mate yanapomwagikia.

#12 Jembe Halimtupi

Kwa maana hiyo ule ukoko mweupe kwenye birika langu la chai nao ni bakteria?? Nimeacha kunywa chai kwanza.

#13 Mwalimu wa Kemia

Kunywa chai yako mkuu. Huo wa birika ni moto. Maji magumu yana kalsiamu baikaboneti, ukiyachemsha gesi inatoka, kaboneti inabaki imeganda chini. Na hili liwe fundisho kwetu sote kwenye uzi huu: chokaa ileile, njia tofauti. Kuona chokaa hakukuambii nani kaileta.

Kwa hiyo naongeza maelezo ya tatu kwa mtoa mada. Maji ya visima vya huko kwenu yana chumvi na ugumu. Ukuta wa kaskazini, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, ndio unaopigwa na jua. Maji yanakauka kwenye ufa, ugumu unabaki. Ni birika kubwa.

#14 Kisima Kirefu

Mimi nimechimba kisima mita 80, baada ya mwaka pampu ikaanza kuleta uterezi wa rangi ya machungwa. Nguo nyeupe zinageuka khaki. Niliyempa kazi ya kwanza alinibadilishia mabomba yote akisema yana kutu, na mabomba yenyewe ya plastiki! Plastiki inapataje kutu? Nilimlipa na tatizo likarudi. Je, na hii ni habari yenu?

#15 Darubini

Ni habari yetu kabisa. Ni bakteria wa chuma. Gallionella alielezwa na Ehrenberg tangu 1836. Maji ya chini yana chuma kilichoyeyuka kisichoonekana, yakipata hewa kidogo bakteria wanakioksidisha wapate nishati, kinaganda kuwa oksaidi ya chuma. Gallionella anaitoa nje kama utepe uliosokotwa. Kisima kinahitaji kusuguliwa na kutiwa klorini kwa vipimo, kisha tafuta namna ya kuondoa chuma kabla maji hayajaingia tenki. Kubadilisha mabomba peke yake ni hasara tupu, pole sana.

#16 Kijana wa Mtaji

Tuje kwenye hela. Nilisoma kuna watu Afrika Kusini wanatengeneza matofali kwa mkojo. Lita tano tofali moja. Mtaani kwetu choo cha stendi pekee ni kiwanda.

#17 Mhandisi Mchanga

Si tano mkuu. Ni Chuo Kikuu cha Cape Town, 2018, kundi la Dyllon Randall na wanafunzi wake. Lita 25 hadi 30 kwa tofali moja. Mkojo ndio unaoleta urea, mchanga unawekwa kwenye kibao cha umbo unalotaka, bakteria wa urease wanaushikamanisha kwa siku kama 4 hadi 8 bila moto wowote. Na kabla ya hapo wanatoa mbolea kwenye mkojo huohuo. Ukitaka tofali gumu zaidi unawaacha bakteria muda mrefu zaidi.

Kwangu mimi neno kubwa hapo ni "bila moto". Nenda pembeni ya mji wowote wa kwetu msimu wa kiangazi uone matanuri ya kuchomea matofali yanavyokula miti. Changamoto ni kukusanya mkojo, kalsiamu ya kuongeza ina bei, na harufu ya amonia si ya mchezo.

Matumizi mengine yapo. Kuimarisha mchanga chini ya misingi. Na Ufaransa, mji wa Thouars, 1993 walipuliza bakteria kwenye mnara wa kanisa la Saint-Médard ili waliungie tabaka jipya la kalsaiti juu ya jiwe lililokuwa linachakaa.

#18 Mwana wa Kilwa

Hiyo ya Ufaransa imenigusa. Kwetu magofu yanapukutika kila masika. Ila wakuu, sisi pwani mbona tumejenga kwa viumbe hai tangu zamani? Husuni Kubwa, jumba letu la kale, ni matumbawe. Kwa hiyo bakteria walishatujengea.

#19 Darubini

Hapo nakurekebisha kwa upendo: matumbawe ni wanyama, si bakteria. Wanajenga kwa kukusudia kama konokono. Lakini wazo lako lina uzito. Wazee walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaijengea, nayo ikanyonya hewa na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Jiwe limezaliwa mara mbili. Kutibu kuta hizo kwa bakteria inabidi kujaribiwa kwanza pembeni, maana chumvi ya bahari imeshaingia ndani, ukiziba uso vibaya chumvi italipua ukuta kutokea ndani.

#20 Mtu wa Ziwa

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Hamjataja wakubwa wao. Ufukoni mwa Tanganyika, huku kaskazini upande wa Burundi, kuna mawe ya mviringo yenye matabaka kama kitunguu kilichokatwa. Yanaitwa stromatolaiti. Yamejengwa na bakteria wa kijani, saianobakteria, na wataalamu wanayasoma kujua ziwa lilipanda na kushuka lini. Yapo pia kwenye miinuko kuzunguka maziwa ya Natron (Tanzania) na Magadi (Kenya), juu ya maji ya leo, kuonyesha kwamba maziwa hayo yaliwahi kuwa makubwa zaidi. Ya Shark Bay, Australia, bado yanakua, chini ya nusu milimita kwa mwaka. Na huko Australia kuna ya miaka karibu bilioni 3.5.

Nikiwa mdogo tulikaa juu ya mawe hayo tukivuta ndagala (dagaa). Hakuna aliyetuambia kwamba tumekalia viumbe.

#21 Mpishi wa Makande

Magadi tunayolainishia maharage na makande nayo yametengenezwa na bakteria?

#22 Nyundo ya Jiolojia

Hapana. Magadi yenyewe ni chumvi ya maji ya chemchemi yaliyokaushwa na jua. Ila Ziwa Magadi lenyewe lina ugomvi mtamu kuliko huu wa tenki. Kuna jiwe gumu pale linaitwa cheti, la silika, linakata kama chupa. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya ya hapo, magadiaiti na kenyaiti, akasema cheti inatokana nayo kwa kemia tupu. Baadaye wengine wakaona ndani ya cheti maumbo kama ya bakteria, wakasema hapana, vijidudu vilishiriki. Mpaka leo kila upande una mawe yake ya kuonyesha.

#23 Kijana wa Mtaji

Kuna jamaa Geita ananiuzia "bakteria wa kutengeneza dhahabu", unawamwaga kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa, unasubiri mwezi. Laki tatu chupa.

#24 Nyundo ya Jiolojia

Usitoe hata shilingi. Hakuna kiumbe kinachotengeneza dhahabu. Kilicho cha kweli ni hiki: Cupriavidus metallidurans, aliyesomwa sana na Frank Reith huko Australia, akikutana na dhahabu *iliyokwisha yeyuka* ndani ya maji, inamdhuru, naye anaigeuza kuwa punje ngumu ndogo mno. Kama haimo haitakuwemo.

Bakteria wanaoleta hela kweli ni wale wanaofanya kinyume, wanaoyeyusha. Kasese, Uganda, kuanzia 1999 walitoa kobalti kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe kwa kutumia bakteria wanaokula pairaiti (madini ya chuma na salfa) ndani ya matenki makubwa yanayopulizwa hewa. Hiyo ni kazi ya wahandisi, si ya chupa.

#25 Kijana wa Mtaji

Asante sana. Umeniokolea laki tatu.

#26 Mtunza Tenki

Nimerudi wakuu, nimesoma yote. Leo asubuhi nimefanya mawili.

Kwanza nimekamulia ndimu kwenye mstari mweupe. Ikatoa povu, vipovu vidogo vinavyosikika ukisogeza sikio.

Pili, nimezunguka tenki lote. Kumbe kuna ufa mwingine, upande wa kusini, nyuma ya kibanda cha kuku, sikuwahi kuuona. Unatoka jasho hadi sasa! Nimepima zote kwa kumbukumbu na kwa mkono. Huo wa kusini karatasi ya daftari inaingia ikiwa imekunjwa mara moja, kadi ya benki haiingii. Wa kaskazini ulikuwa hivyohivyo, niliwahi kuingiza karatasi. Kwa nini mmoja umepona na mwingine bado?

#27 Mhandisi Mchanga

Karatasi mbili ni kama milimita 0.2, kadi ya benki ni 0.76. Umetuweka pabaya mkuu! Zege la kawaida linajifunga lenyewe kwenye nyufa za hadi 0.2 au 0.3. Wako uko palepale mpakani, kila mmoja humu anaweza kujivutia kwake.

#28 Mtu wa Ziwa

Swali moja. Wa kaskazini ulipokuwa unavuja, ukuta ulikuwa na ukijani?

#29 Mtunza Tenki

Ndiyo! Utando wa kijani unaoteleza, upana wa kiganja, kufuata ufa wote. Nilidhani ni uchafu. Kusini hakuna, kuna kivuli cha kibanda siku nzima.

#30 Mtu wa Ziwa

Basi hapo una Tanganyika ndogo ukutani. Saianobakteria wanatumia jua, wanavuta kaboni dayoksaidi kwenye maji, maji yanakuwa alikali zaidi, chokaa inaganda juu yao. Ndivyo stromatolaiti zinavyojengwa. Kusini hakuna jua, hakuna wao, hakuna kuziba.

#31 Mwalimu wa Kemia

Au kusini hakuna jua, hakuna kukauka, chokaa inaoshwa tu na kuteremka na maji. Ukijani ulifuata unyevu, kama mchicha ulivyofuata. Hatusemi mchicha ndio ulioziba.

#32 Bibi Mchicha

Mimi nilikuwa nakaribia kusema hivyo.

#33 Fundi Kokoto

Na mimi nauliza: niru (sementi laini ya kumalizia ukuta) ya kaskazini na ya kusini zilipigwa siku moja? Ukikuta upande mmoja sementi ilikuwa nyingi, una chokaa nyingi ya kutema, upande wa pili waliipunja. Nimeliona hilo mara nyingi.

#34 Mtunza Tenki

Hapana fundi, kusini ilipigwa baada ya wiki, sementi ya kwanza iliisha. Mungu wangu, kila nikijibu swali mambo yanazidi.

#35 Nyundo ya Jiolojia

Usikate kipande kuleta maabara kwa sasa. Tutakuta bakteria, hilo najua hata kabla ya kuangalia, ukuta wowote wa maji unao. Kumkuta mtu msibani si ushahidi kwamba ndiye aliyeua. Ila una kitu kizuri kuliko maabara: ufa wa pili ambao bado unavuja. Kuanzia mwezi wa kumi jua linahamia kusini, linapiga ukuta huo hadi mwezi wa pili. Hamisha kibanda cha kuku.

#36 Darubini

Naafiki, na ugawe ufa sehemu mbili. Nusu ya kushoto iache wazi. Nusu ya kulia weka bati jeusi mbele yake, liache nafasi ya kama inchi moja kutoka ukutani, chini na juu wazi ili joto na upepo vipite lakini mwanga usifike. Bati litapata joto, kukauka kutakuwepo, ukijani hautakuwepo. Ikiziba kushoto peke yake, Mtu wa Ziwa atatembea kifua mbele. Zikiziba zote, mwalimu.

#37 Fundi Kokoto

Na isipoziba hata moja ni mimi, niru ilipunjwa. Mtoa mada, nakuomba usiuguse huo ufa kwa sementi wala dawa yoyote mpaka jua liondoke upande huo. Na kuku wahamishwe wiki hii, mbolea yao inaingia kwenye tope hilo na ina vitu vya hao hao wa urea. Dada Darubini, si ndiyo?

#38 Darubini

Ndiyo kaka. Hilo sikuwa nimelifikiria.

#39 Mtunza Tenki

Kibanda kinahama Jumamosi. Bati ninalo. Mke wangu anauliza kama anaweza kupanda mchicha upande wa kusini.

#40 Mwalimu wa Kemia

Mwambie shemeji asubiri.